MOYO WA BIASHARA NDOGO UTUNZWE KAMA MBEGU

(Maongezi yaliyosomwa na Kamati mbele ya mkutano wa wanachama wenye biashara ndogo ndogo, Usevya. Tunayabandika hapa ubaoni kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Ukimaliza kusoma, msomee na mwenzio asiyeona vizuri.)



Tumekusanyika hapa sisi wenye vibanda, magenge, vyerehani, meza za samaki, majiko ya maandazi na mafundi wa baiskeli na pikipiki. Hatukuja kufundishana namna ya kuwa matajiri. Tumekuja kuzungumza jambo moja tu, nalo ni hili: kwa nini ikifika Januari na Februari vibanda vinafungwa kimoja kimoja, na wenyewe wanasema, "Mimi biashara imenishinda"? Na tufanye nini ili masika ijayo tusione milango ile ile ina kufuli?

KWANZA: TUIJUE KALENDA YETU

Fedha ya hapa kwetu inafuata shamba. Mvua zinaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Mahindi na mpunga tunavuna kuanzia Mei hadi Julai. Kwa hiyo tangu Juni mpaka Oktoba watu wana fedha: mashine za kukoboa zinalia mchana kutwa, wanunuzi wa mchele wanakuja na malori, harusi zinafungwa, mabati yanapandishwa. Ikifika Novemba kila shilingi inarudi shambani: mbegu, mbolea, vibarua. Desemba ni sikukuu. Januari ni sare na madaftari ya watoto, na palizi juu yake. Februari na Machi mteja hana kitu mfukoni, na njia zikilowa, bidhaa za kutoka Mpanda au Sumbawanga zinachelewa na bei inapanda.

Sasa jamani, mwenye kibanda aliyekuwa akiuza vizuri mwezi wa Agosti, na Februari anauza robo yake, je, amekuwa mjinga ghafla? Amerogwa? Hapana. Msimu umegeuka, basi. Mkulima hakati tamaa mwezi wa Septemba eti kwa kuwa shamba lake ni kavu. Anajua si wakati wake, ananoa jembe. Sisi sote hapa ni wakulima, na kalenda ya shamba tunaijua kwa moyo. Lakini tukiingia kibandani tunaisahau, tunataka kila mwezi uwe Agosti.

Nusu ya kukata tamaa kwetu inatoka hapo. Mtu anahukumu biashara yake kwa mwezi mbaya, anafunga, anauza mizani na meza. Juni ikifika fedha inarudi kijijini, yeye hana tena cha kupokelea.

PILI: DAFTARI NDILO LINALOTIA MOYO

Lakini tusidanganyane. Si kila anguko ni la msimu. Mengine tunajiangusha wenyewe, na bila daftari huwezi kujua lipi ni lipi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tutoe mfano wa hesabu ndogo. Tuseme mama mmoja ana mtaji wa shilingi 60,000. Kwa siku anauza vya 20,000, na bidhaa hizo alizinunua kwa 16,000. Faida ni 4,000. Jioni anahesabu noti 20,000 mkononi na anaona ana fedha. Anatoa 7,000 ya mboga, mafuta na mchango wa msiba. Moyo wake ni mweupe kabisa, hakuiba, hakulewa. Lakini amekula faida yote 4,000 na mtaji 3,000 juu yake. Akifanya hivyo siku ishirini, zile 60,000 zimekwisha. Naye atasema, "Biashara haina baraka." Baraka ilikuwapo, ila imepikwa ikaliwa.

Basi tunashauri hivi. Daftari liwe na safu tatu tu: fedha iliyoingia, fedha iliyonunua bidhaa, na fedha iliyokwenda nyumbani. Mwenye biashara ajilipe mshahara wake, kwa mfano 2,000 kwa siku katika hesabu ile, na nyumba iishi kwa mshahara huo. Mzee wa nyumba akitaka zaidi, aambiwe kwa heshima, "Baba, hii si yangu, ni ya dukani." Na nyie akina baba mnaotusikia, msifungue kopo la mama usiku. Anayetumia simu, fedha ya biashara ikae kwenye laini yake na ya nyumbani kwenye laini nyingine. Zikichanganyika, huwezi kuzitenganisha, kama maji na maziwa.

Daftari lina faida nyingine ambayo watu hawaijui: linatia moyo. Siku ukiamka mnyonge, fungua ukurasa wa Februari ya mwaka jana. Ukiona mwaka jana ulikuwa unauza vya 5,000 na mwaka huu 7,000, utajua unapanda, ingawa tumbo linasema unashuka. Asiye na daftari anakumbuka shida ya jana tu.

Historia ya nchi yetu inatufundisha hapa. Wenye umri wanakumbuka mwaka 1976, ilipopita Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi yalifungwa, yakaanzishwa maduka ya vijiji na ya ushirika. Nia ilikuwa njema, duka liwe la wote. Lakini mahali pengi duka lilipewa watu wasiofundishwa kutunza hesabu, bidhaa zikawa haba, rafu zikabaki tupu. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Ukali wa amri haujazi rafu. Na moyo mwema peke yake haujazi. Rafu hujazwa na hesabu, na mtu anayeijali hesabu hiyo.

TATU: DENI LA MTEJA

Hapa ndipo penye kidonda. Kijijini huwezi kukataa kabisa kukopesha. Anayekuja kuomba sabuni ni shemeji, jirani, au mama aliyekuzika mwanao. Lakini kukopa harusi, kulipa matanga.

Turudi kwenye hesabu ile ile. Mtu akikukimbia na deni la 4,000, bidhaa ulizompa zilikugharimu 3,200. Ili faida ikurudishie 3,200 hiyo, inakubidi uuze vya 16,000 kwa wengine. Yaani karibu siku nzima ya kukaa kibandani umemfanyia kazi yule aliyekimbia. Wakikimbia watano, siku nne zimekwenda.

Tunapendekeza kila mmoja ajiwekee mpaka: madeni yote yasizidi sehemu moja ya kumi ya mtaji. Mwenye 60,000 akopeshe 6,000, basi. Aliyelipa ndiye anayekopa tena. Na mpaka huo uwe wa sisi wote, tuuandike na kuubandika kila kibanda, ili mteja akikasirika asikukasirikie wewe. Utamwambia, "Ndugu yangu, ni uamuzi wa mkutano." Hapo ndipo umoja unapomlinda mnyonge.

Vile vile na sisi tukichukua mali kauli kwa mwenye duka la jumla, tulipe siku tuliyosema. Mtu asiyeaminika mara moja, Februari hapewi hata katoni ya kiberiti.

NNE: AKIBA YA MASIKA

Mkulima hali mbegu. Hata njaa ikimuuma, ile ya kupanda anaificha juu ya dari. Sisi wa biashara mbegu yetu ni faida ya kiangazi.

Hesabuni nasi. Kuanzia Julai hadi Oktoba kuna siku kama 120 za biashara. Ukiweka 500 kila siku, hiyo ni 60,000: mtaji mzima mwingine, umelala unakungoja. Shilingi 500 mwezi wa Agosti huioni inakokwenda. Mwezi wa Februari ni kibanda kilicho wazi.

Wengine fedha haikai mikononi mwao, inawasha. Hao waweke akiba kwa mpunga. Nunua gunia moja au mawili wakati wa mavuno, yakiwa makavu, yapange juu ya chaga yasiguse sakafu, angalia panya, na Februari uza kidogo kidogo. Mara nyingi bei ya wakati huo imepanda. Ila msinunue kwa lumbesa mkamwonea mkulima mwenzenu. Leo yeye, kesho wewe.

TANO: TUSIKAE KILA MTU PEKE YAKE

Biashara ndogo ina upweke. Mwenye kibanda hukaa pale tangu alfajiri mpaka usiku, anaongea na watu mia, lakini hasara yake hamwambii hata mmoja. Anaona aibu. Hapo ndipo moyo unapooza polepole kama nyanya iliyofunikwa.

Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale kule Uingereza, watu 28, wafumaji na mafundi wengine, waliamua kufungua duka lao. Waliweka senti kidogo kidogo mpaka kila mmoja akafikisha pauni moja. Tarehe 21 Desemba wakafungua mlango wakiwa na unga, siagi, sukari na vitu vichache tu. Sharti lao moja lilikuwa kuuza kwa fedha taslimu. Faida waligawana kwa kadiri kila mtu alivyonunua. Ushirika tunaoufuata sisi leo umechukua mengi kwao. Nao walianza na mtaji mdogo. Walichokuwa nacho ni kukutana, kuhesabu mbele ya wote, na kurudi tena wiki inayofuata.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza: kuanzia Januari mpaka Aprili, wakati mgumu, tukutane kila wiki badala ya kila mwezi. Kila mmoja aje na daftari lake. Aliyekwama aseme amekwama wapi. Na hasara ya mtu iliyosemwa mkutanoni isibebwe kwenda kilabuni kuchekwa. Atakayefanya hivyo tutamwita mbele.

Kuna jambo la kuigana pia. Mmoja akianza chapati, tunapika chapati sote, halafu tunalia hakuna wateja. Siku za gulio tembeeni, Kibaoni, Majimoto, Mbede. Tazameni watu wanatafuta nini wasikipate. Nani anatengeneza taa za sola zilizokufa? Nani anashona magunia? Nani anauza uji asubuhi kwa wanaokwenda palizi? Ukipata jambo jipya la kujaribu, uchovu wenyewe unapungua.

Juu ya mkopo wa halmashauri: sheria ya mwaka 2018 imeweka asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudishwa mwaka 2024. Vikundi vijiandae, kwa kuwa vinatakiwa viwe vimesajiliwa na kumbukumbu zao ziwe safi. Lakini mkopo haumpi mtu moyo. Asiyeweza kutunza 60,000 yake, ukimpa 600,000 umemwongezea mzigo tu.

MWISHO

Ndugu wanachama, kibanda kikifungwa Usevya si hasara ya mwenyewe tu. Bibi kizee anayenunua mafuta ya kupima na chumvi ya mia mbili atakwenda wapi? Msichana aliyekuwa akijifunza cherehani pale barazani atajifunzia kwa nani? Duka kubwa la mjini halimjui, wala halitampimia.

Tunaomba kabla ya mkutano ujao kila mmoja atimize mambo matatu: anunue daftari na kulianza; aandike majina ya wadaiwa wake na jumla yake; na aamue kiwango cha akiba ya kila siku, hata kama ni shilingi 200. Haba na haba hujaza kibaba. Na kila mtu apumzike nusu siku kwa juma, Ijumaa au Jumapili kwa imani yake, kwani ng'ombe asiyepumzishwa nira hulala mtaroni.

Mwenye swali aliandike kwenye karatasi alitie katika sanduku hapa chini ya ubao, tutajibu.

Ushirika hoyee!

Wenu katika kazi,
KAMATI