Reli Kabla ya Kioo: Kuchagua na Kufunga Darubini ya Shabaha ya Masafa Marefu

Mlenga shabaha anayetaka kuvuka yadi 600 kwa kawaida huuliza kwanza darubini inakuza mara ngapi. Mada hii inadai kwamba swali hilo lije mwisho. Darubini ya masafa marefu ni kipimo cha pembe kabla ya kuwa jicho la kuonea mbali, na kipimo kilichofungwa vibaya hakiokolewi na ubora wa lenzi zake. Nitachukua mfano wa F-Class, mchezo wa kulenga kwa kulala kifudifudi uliotokana na Mkanada George Farquharson, kwa sababu kanuni zake hazimpi mtu nafasi ya kujificha nyuma ya vifaa: katika tawi la F/TR huruhusiwa risasi za .223 Remington na .308 Winchester tu, na bunduki nzima, pamoja na darubini na miguu yake ya mbele, isizidi kilo 8.25.

Hesabu ya kwanza ni ya kuanguka kwa risasi. Bunduki ya .308 iliyosawazishwa kwa yadi 100, ikifyatua risasi ya greni 175, huhitaji kupandishwa dakika za pembe zipatazo 38 ili ipige yadi 1,000. Dakika moja, yaani sehemu ya 60 ya nyuzi, ni inchi 10 na nusu hivi kwenye umbali huo. Jumla yake inakaribia mita 10. Sasa darubini yenye mwendo wa dakika 60 kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, ikikaa kwenye reli bapa (reli ni kipande kilicho juu ya bunduki kinachoshika pete za darubini), hubakiwa na 30 tu za kupanda. Hazitoshi, hata kama bei yake inalingana na ya gari. Reli iliyoinamishwa mbele kwa dakika 20 huifikisha 50, na shida imekwisha kwa gharama ndogo. Wapo watakaosema kwamba darubini za kisasa zenye bomba la milimita 34 zina mwendo wa dakika 100 na zaidi, hivyo reli ya mwinamo imepitwa na wakati. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Bomba la ndani linalobeba lenzi husogea ndani ya duara, na kadiri linavyokaribia ukingo wa juu ndivyo nafasi yake ya kwenda kushoto na kulia inavyobanwa. Kwenye yadi 1,000 upepo ndio mwamuzi mkuu, kwa hiyo anayetumia mwinamo hubakia karibu na katikati ya duara na kuweka akiba ya upepo. (Wanaofanya mazoezi Nairobi wakumbuke pia kwamba hewa nyepesi ya huko hupunguza anguko, hivyo darubini inayotosha huko yaweza kupungukiwa Mombasa.)

Hesabu ya pili ni ya wima, na hapa ndipo alama nyingi hupotea bila mpigaji kujua. Msalaba wa darubini ukiegemea upande kwa nyuzi 1 tu, mita 10 za kupandisha huzaa mkengeuko wa sentimita 17 hivi pembeni. Katika kanuni za Marekani, duara la alama 10 kwenye yadi 1,000 lina kipenyo cha inchi 10, yaani kutoka kitovuni hadi ukingoni ni chini ya sentimita 13. Nyuzi moja, ambayo jicho haliioni, imekwisha kuitoa risasi nje. Baadhi ya mafundi hujibu kwamba muhimu ni msalaba kulingana na mwili wa bunduki. Sivyo: darubini ikiwa juu ya mtutu kwa sentimita 5, nyuzi 1 kati yake na bunduki huisogeza pembeni ya mtutu kwa milimita 1 hivi tu. Kinachotawala ni mvuto wa ardhi. Kwa hiyo, bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa, ning’iniza timazi mbele, linganisha uzi wake na mstari wa wima wa msalaba, kisha ndipo ukaze pete, na ufunge pima maji dogo kwenye bomba.

Kukaza nako kuna kipimo. Parafujo za pete nyingi hutaka takriban nyutoni-mita 2, na maelekezo ya mtengenezaji ndiyo sheria. Anayekaza kwa nguvu za mkono huweza kuminya bomba. Pete zisukumwe mbele ndani ya mikato ya reli kabla ya kukazwa, ili teke la bunduki lisizisogeze. Kisha darubini ijaribiwe: ukizungusha kitasa chake cha kupandishia kwa miliradiani 10, msalaba uhame sentimita 100 kamili kwenye ubao ulio mita 100. Ukihama 98, kosa hilo la asilimia 2 ni sentimita 20 kwenye yadi 1,000. Kosa lisilobadilika laweza kuingizwa katika jedwali. Linalobadilika kila siku halina dawa.

Tumefika kwenye kioo. Marekebisho ya paralaksi, yaani kuhama kwa mlengo jicho linapotoka katikati, hayana mbadala: lenzi ya mbele ya milimita 40 iliyowekwa kwa mita 100, ikitumika kwa mita 1,000 huku jicho likiwa limekaa pembeni kabisa, huweza kupotosha mlengo kwa sentimita 18. Kuhusu ukuzaji, watetezi wa mara 50 na zaidi wana hoja nzito kuliko wanavyokubaliwa, kwani mazigazi yanayotiririka juu ya uwanja huonyesha mwelekeo wa upepo, na darubini yenye nguvu huyaonyesha vizuri. Lakini jua likipanda, ukuzaji uleule huyageuza maji yanayochemka na shabaha huyeyuka ndani yake. Tena lenzi ya milimita 56 ikikuza mara 50 humpa mpigaji mwanya wa mwanga wa milimita 1 tu, ilhali kwa mara 25 ni zaidi ya 2. Darubini yenye ukuzaji unaobadilika humwezesha kuupunguza mchana na kuuongeza asubuhi. Ikiwa fedha hazitoshi kwa vyote, apunguze mara za kukuza, asiguse bajeti ya reli na pete.