Nasaha za Mjomba Kabla ya Kwenda Kununua Friji

Haya jamani, huko nyuma kwenye masufuria punguzeni kelele kidogo. Pilau halipakuliwi mpaka mimi nikae, kwa hiyo anayenisikiliza anajifaa mwenyewe.

Wanangu, bwana harusi na bibi harusi. Mashangazi wamesema yao, shehe amesema ya kwake, na juu ya hayo mimi sina la kuongeza. Mimi ni fundi friji. Mambo ya ndoa nimeyaona nikiwa nimechuchumaa nyuma ya mafriji ya watu. Naitwa, friji halipoozi. Nafika, mume na mke hawasemezani, na kabla sijatoa bisibisi kila mmoja ananivuta pembeni anieleze ni nani aliyeliharibu. Ndiyo maana nikaomba leo niseme na ninyi wawili mkiwa mmekaa pamoja.

Ukoo umechanga, fedha ya friji iko kwenye bahasha kwa mama mdogo. Maneno nayo nimeyasikia. Bwana harusi analitaka lile la milango miwili inayofunguka kama kabati, lenye kibomba cha maji mlangoni. Bibi harusi anataka friza la kulala, auze barafu na juisi ya ubuyu. Na mnahamia chumba na sebule, Mbagala. Sasa tuongee.

Bwana harusi, lile friji lako lina lita mia tano na zaidi. Mtaweka nini humo ninyi wawili? Friji kubwa tupu linakula umeme kupoza hewa, na mgeni akilifungua anaona chupa mbili za maji na nusu limau. Watu wawili, hata mtoto wa kwanza akija, lita 150 mpaka 200 zinawatosha. Nunueni kwa kipimo cha kikapu mnachorudi nacho kutoka sokoni.

Na mkifika Kariakoo, kabla ya kuuliza bei, mwambieni muuzaji ageuze friji mgongo. Kule nyuma au ndani kwenye ubavu kuna kibandiko. Tafuteni herufi zinazoonyesha friji limetengenezwa kwa hali ya hewa gani. Likiwa na N peke yake, limeundwa kufanya kazi mahali ambapo joto halizidi nyuzi 32. ST linafika 38, T linafika 43. Dar es Salaam mwezi wa pili, jikoni, jiko la mkaa linawaka na dirisha moja, 32 mnaipita kabla ya adhuhuri. Friji la N litanguruma mchana kutwa bila kupumzika, na ninyi mtasema mmerogwa. Haya ya mtumba kutoka Ulaya mengi yamezoea baridi ya kwao. Tena kwenye ya mtumba angalieni na gesi. Mkikuta R12, liacheni hapo hapo. Ni gesi ya zamani, iliyopigwa vita na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni, na siku ikivuja mtazunguka mji mzima kuitafuta. Mengi mapya yana R600a, gesi nzuri, haili umeme sana, lakini inashika moto. Fundi akija kwenu na mtungi wa kuchomea bila kusoma kibandiko kwanza, mpeni nauli arudi kwao.

Kuna na kibandiko kinachosema friji linakula uniti ngapi kwa mwaka. Gawanyeni kwa 365. Likiandikwa 365, basi ni uniti moja kila siku ya Mungu, thelathini kwa mwezi. Sasa kumbukeni, kwenye LUKU mtumiaji mdogo wa nyumbani anapata bei nafuu akiwa hazidishi uniti 75 kwa mwezi. Mkizoea kupita hapo mkahamishwa, uniti moja inakaribia kuwauma mara tatu ya ile ya mwanzo. Friji limekwisha kula thelathini. Zilizobaki ni za feni, taa, televisheni na hiyo pasi ya bwana harusi anayenyoosha shati mara mbili. Hapo ndipo ukubwa wa friji unapokuwa neno la watu wawili.

Bibi harusi, hilo la barafu silikatai. Nyumba nyingi mjini zimesomesha watoto kwa barafu za mia. Tena friza la kulala lina akili yake: baridi ni nzito, ukifungua kwa juu haimwagiki miguuni kama kwenye friji la kusimama. Lakini biashara iwe na daftari lake. Siku ya kwanza soma uniti kwenye LUKU usiku kabla ya kulala, soma tena kesho usiku saa ile ile, ujue nyumba inakula ngapi. Ukiwasha friza soma tena. Ile iliyoongezeka ni gharama ya biashara, itoke kwenye hela ya barafu. Nimeziona ndoa zimetiwa doa hapa: mke anafurahia mauzo, mume ananunua umeme kila siku ya tatu huku ananung'unika chumbani, na hakuna aliyewahi kukaa chini kupiga hesabu. Anzeni na friji. Friza lije likijinunulia lenyewe.

Kuhusu lenye feni ndani, lisilogandisha barafu kutani, na lile la kawaida: lenye feni halina kazi ya kuyeyusha barafu, ila lina feni, lina hita, lina vitu vingi vya kuharibika. Mimi kwa nyumba inayoanza ningechukua la kawaida. Sharti lake ni moja, na bwana harusi nakuangalia wewe. Barafu ikinenepa kufika unene wa kidole, zimeni, fungueni mlango, wekeni bakuli la maji ya moto ndani, tandikeni matambara chini, mkapige soga nje. Msichukue kisu! Kwa kisu nimelishwa miaka mingi. Mtu ana haraka ya kutoa samaki aliyeganda, anachokoa, mara anasikia "tsss", kijisauti chembamba, na harufu kidogo. Ile bati ya ndani ni nyembamba, na gesi inapita mle mle. Ikishatoboka, friji la mwezi mmoja linakuwa kabati la vyombo.

Waranti haifuniki kisu.

Likifika nyumbani, lisafirishwe limesimama. Kama lililazwa kwenye kirikuu, lisimamisheni masaa manne hivi kabla ya kuliwasha, mafuta yarudi kwenye kompresa. Liachieni nafasi nyuma, kiganja kizima. Najua friji litakaa sebuleni, tena litavalishwa kitambaa cha kufuma na ua la plastiki juu. Juu si neno. Lakini msifunike ubavuni, kwa sababu mengi ya siku hizi yanatolea joto ubavuni. Mkigusa mkahisi moto msishtuke, ndivyo linavyopumua. Miguu ya mbele iinueni kidogo kuliko ya nyuma, mlango ujifunge wenyewe. Halafu chukueni noti, ifungieni mlangoni nusu ndani nusu nje, mvute. Ikitoka bila ubishi, mpira wa mlango umelegea na baridi inatoka pale usiku na mchana. Fanyeni hivyo pande zote, hata dukani. Muuzaji akicheka mwacheni acheke.

Na lile kasha la kulinda umeme, msinunue friji bila hilo. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa inataka kuwaka wakati gesi bado imejaa mgandamizo upande mmoja. Inasukuma, inashindwa, waya za ndani zinaungua. Kasha lile linaisubirisha dakika tatu nne gesi itulie. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, kazi yenu ni moja tu: msifungue mlango. Friji lililofungwa linahifadhi chakula kama masaa manne, na sehemu ya kugandisha ikiwa imejaa inaweza kufika siku mbili. Ndiyo maana nasema kama hamna nyama ya kuijaza, jazeni chupa za maji zigande. Kinachoua chakula ni ule uchunguliaji: "ngoja nione kama imeyeyuka."

Chakula chenyewe mama zenu wamewafundisha, nisiingilie sana. Kiporo kiingie friji mapema, kabla hakijakaa mezani masaa mawili. Wali uliolala nje usiku kucha unaumiza tumbo hata ukiupasha mpaka utoe moshi. Samaki mkitoka naye Feri, msafisheni, mkateni vipande vya mlo mmoja mmoja ndipo agande, kwa sababu akishayeyuka si wa kugandisha tena. Nyama mbichi ikae chini kabisa, damu isidondokee mchicha. Ndizi mbivu na vitunguu viacheni nje.

Limebaki la watu. Friji likishaingia, shemeji atakuja "kunywa maji ya baridi tu". Jirani ataomba nafasi ya kilo ya nyama, siku za Idi nafasi ya mbuzi mzima. Semezaneni ninyi kwanza chumbani, mkitoka mtoke na jibu moja. Isiwe mmoja anakubali sebuleni na mwenziwe anabamiza mlango jikoni. Mlango ule una mpira, nimeshasema. Na anayemaliza maji kwenye chupa ndiye anayeijaza. Hilo mnaliona dogo leo.

Dukani daini risiti ya EFD, na karatasi ya waranti igongwe muhuri na iandikwe namba ya friji. Karatasi zote akae nazo bibi harusi, maana huyu bwana nimemwona tangu asubuhi anatafuta ufunguo ulio mfukoni mwake. Jumamosi tutakwenda Kariakoo watatu, asubuhi kabla jua halijawaka, na mama mdogo atatukabidhi bahasha tukiwa wote. Siku nyingine likigoma, nipigieni kabla hamjamwita mtu. Upige wewe bwana harusi. Huyu binti akipiga tutaanza na hali ya mama yake, tupite kwa wajomba wa Tanga, salio litaisha hatujafika kwenye kompresa.

Haya, pakueni.