Saa Iliyosimama Riyadh

Desemba 29, 2017 mjini Riyadh ilianza michuano ya ubingwa wa dunia wa sataranji ya kasi kubwa kabisa: dakika 3 kwa kila mchezaji, na sekunde 2 za nyongeza kwa kila hatua. Raundi ya kwanza, Magnus Carlsen wa Norway aliketi na Ernesto Inarkiev wa Urusi.

Ngome ya Carlsen ikamla askari aliyekuwa mraba wa b7, ikamtishia mfalme wa Inarkiev. Inarkiev hakumwokoa mfalme wake. Alimpeleka farasi e3, akamtishia mfalme wa Carlsen! Hatua hiyo haimo katika sataranji. Mfalme akitishiwa huokolewa kwanza. Lakini katika mchezo wa dakika 3 jicho huona hatari iliyo karibu tu, na Carlsen akamkimbiza mfalme wake.

Inarkiev akasimamisha saa. Akadai kuwa Carlsen ndiye aliyevunja sheria, na mwamuzi aliyekuwa pale akampa ushindi. Carlsen akapinga. Mwamuzi mkuu akatengua uamuzi huo, akaamuru mchezo uendelee pale ulipofikia. Inarkiev akakataa kucheza, pointi ikaenda kwa Carlsen, na rufaa ya Inarkiev ikatupwa.

Mwamuzi mkuu alikuwa sahihi. Sheria ya mchezo huo inamtaka anayeliona kosa la mwenzake adai kabla hajacheza hatua yake. Carlsen alipocheza bila kudai, kosa la Inarkiev lilikuwa limeshapita. Na hatua ya Carlsen yenyewe haikuwa na dosari: mfalme alitishiwa, mfalme akaondoka. Inarkiev alitaka kuvuna alichopanda kwa kosa lake mwenyewe, na hilo halikubaliki mezani.

Carlsen alimaliza akiwa bingwa kwa pointi 16 katika michezo 21.

Mabingwa walikuwa na mwamuzi mkuu na kamati ya rufaa. Wachezaji wawili wa klabu, wawe mtaa wa Sharafiya kule Jeddah, Mombasa au Dar es Salaam, mara nyingi wana mwamuzi mmoja anayezunguka meza nyingi, na ugomvi kama ule unaweza kuvunja urafiki wa miaka. Basi wewe unayejiandaa kwa mashindano, mwenzako akikosea usiguse kete yoyote. Simamisha saa, mwite mwamuzi, udai haki yako hapo hapo.