Kauli ya Mkunga

Taarifa za hospitali zetu hapa Zanzibar aghlabu hutaja majengo, vitanda na dawa, na ni nadra kutaja maneno ambayo mkunga humwambia mzazi, ilhali mzazi huyo, atokapo hospitali ya Mnazi Mmoja au ya Mwembeladu na kichanga mikononi, akarejea Ng'ambo au Makunduchi, hana hazina nyingine isipokuwa yale aliyoelezwa na akayafahamu.

Takriban mwaka 2009, humu visiwani, katika utafiti wa vituo 24 vya afya na wajawazito 2,550, baadhi yao walipelekewa nasaha kwa simu na kupewa vocha ya kumpigia mkunga. Asilimia 60 ya hao walijifungua mbele ya mtaalamu, na miongoni mwa wasiohudumiwa hivyo asilimia 47. Lipasalo kutushughulisha ni kwamba faida hiyo ilidhihirika kwa wanawake wa mjini, wala haikuwafikia wa shamba.

Simu, basi, haiondoi haja ya ana kwa ana. Mkunga wetu, ambaye insafu yatulazimu kukiri kuwa ameelemewa na kazi, hana budi amwulize mzazi, kabla hajaruhusiwa kwenda zake, aeleze kwa ulimi wake mwenyewe ni dalili zipi, kama damu nyingi, homa, au kichwa kuuma sana na macho kuingia kiwi, zitakazomrudisha hospitali hata kama ni usiku wa manane. Na mama au mkwe atakayemtunza hadi arubaini naye aitwe, asikilize, na aulize.