Mlango wa Hadithi Fupi

Msimulizi wa hadithi katika pwani ya Afrika Mashariki haanzi kusimulia mpaka apewe ruhusa. Husema "Paukwa!" kisha hungoja. Waliomzunguka wakiitikia "Pakawa!" mapatano yamekwisha fungwa: yeye ameahidi kusimulia na wao wameahidi kusikiliza. Baada ya hapo anaweza kwenda taratibu, hata aanze na mtu wa hapo zamani za kale asiye na jina, na hakuna atakayeondoka mkekani.

Mwandishi wa hadithi fupi hana bahati hiyo. Msomaji wake huenda yumo ndani ya basi mjini Muscat, au amejinyoosha baada ya zamu ya usiku mjini London, na hakuitikia lolote. Anaweza kufunga ukurasa wakati wowote bila ya kumvunjia mtu heshima. Kwa hiyo aya ya kwanza hubeba kazi mbili kwa pamoja: kuomba ruhusa na kuanza kusimulia.

Suala hili si geni. Horace, mshairi wa Kirumi, alimsifu Homer kwa kumwingiza msikilizaji katikati ya mambo badala ya kuanzia mbali. Mwaka 1842 Edgar Allan Poe wa Marekani, akihakiki hadithi za Nathaniel Hawthorne, alidai kwamba hadithi fupi hujengwa juu ya athari moja, na kwamba mwandishi ambaye sentensi yake ya kwanza haielekei kwenye athari hiyo ameshindwa tangu hatua ya kwanza. Anton Chekhov wa Urusi, daktari na bingwa wa hadithi fupi, alikuwa na dawa kali zaidi. Kwa mujibu wa kumbukumbu za rafiki yake Ivan Bunin, alishauri kwamba mtu akimaliza kuandika hadithi afute mwanzo na mwisho wake, kwani hapo ndipo waandishi wanaposema uongo zaidi.

Dawa hiyo yamfaa hasa mwandishi wa Kiswahili aliye ughaibuni. Aliye mbali na kwao hushawishika kuanza kwa maelezo: mtaa ulivyokuwa, nani alimzaa nani, safari ilivyoanza. Huchelea kwamba wajukuu waliozaliwa ugenini hawataelewa. Hofu hiyo ina msingi, lakini maelezo yakitangulia, wajukuu hao hao huacha kusoma kabla ya kukutana na babu yao.

Na uchukuliwe mfano wa hadithi ya mjane. Mwandishi mmoja aweza kuanza hivi: "Ilikuwa siku ya Jumatatu. Jua lilikuwa limechomoza na ndege walikuwa wakiimba. Bi Zuhura alikuwa mjane." Hakuna kosa la sarufi hapo, lakini jua na ndege ni wa hadithi yoyote. Mwingine aweza kuandika: "Bi Zuhura alipoifua kanzu ya marehemu kwa mara ya tatu wiki ile, hakuna aliyethubutu kumuuliza." Neno "mjane" halikutajwa, na msomaji amekwisha elewa. Kanzu imeonyesha msiba, "mara ya tatu" imeonyesha kwamba kuna jambo, na ukimya wa jamaa umezaa swali. Mtaa na nasaba vitafuata, kidogo kidogo, kila vinapohitajika.

Hata hivyo, kuvutia si kushtua. Mwandishi anayeanza kwa mlio wa bunduki, kisha akasimulia habari za posa zisizohusiana nao, amemlaghai msomaji. Wahenga walisema ahadi ni deni, na mwanzo wa hadithi ni ahadi. Swali la kanzu lisipojibiwa, au lisipopata uzito zaidi hadithi inapokwisha, sentensi ile nzuri hugeuka kuwa lawama.

Ndiyo maana mwanzo mzuri mara nyingi huandikwa mwisho, mwandishi anapokuwa amejua hadithi yake inahusu nini. Huenda hata umejificha katika ukurasa wa pili, chini ya maelezo yanayongoja kufutwa. Namna ya kuupima ni ile ile ya mkekani: sentensi ya kwanza isomwe kwa sauti mbele ya mtu mmoja, kisha msomaji anyamaze. Mtu huyo akiuliza "Ikawaje?" basi ameitikia pakawa.