Hisa na Pesa ya Haraka
(Maneno kwa vikundi vya Kabiria)

Ndugu na dada, wengi wetu tunakumbuka mwaka 2008. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa shilingi 5, na kikundi chetu kikakopa ili kisiachwe nyuma. Mwaka uliofuata bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Mkopo ulikuwa unadai, basi tukauza. Mwaka 2021 bei ilipita shilingi 40, na sisi hatukuwa na hata hisa moja. Kununua hakukuwa kosa. Kosa letu ni kwamba tulinunua na pesa ya haraka.

Tumwangalie John Kibunga Kimani. Si mtu wa kujionyesha, lakini ana karibu theluthi moja ya Kakuzi, ile kampuni ya Makuyu yenye avokado, makadamia, chai na ng'ombe. Amekaa nazo miaka mingi. Mtu kama huyo hangojei bei, anangoja mavuno, yaani gawio. Kwa mwaka 2023 kila hisa ililipwa shilingi 24. Mwaka 2024 kampuni ikapata hasara, ikalipa 8. Je, wewe ungeuza shamba kwa sababu ya kiangazi kimoja? (Wengine mngeuza, tunawajua.)

Sasa mama mmoja ameuliza pesa ya hisa itoke wapi. Isitoke kwa karo, wala kwa mkopo. Itoke kwa akiba ambayo tukikaa miaka kumi bila kuigusa, hakuna mtoto atakayefukuzwa shule. Mkutano ujao kila kikundi kije na daftari lake, tuhesabu akiba hiyo ni ngapi.