Unakwenda Kufanya Nini?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi na wanafunzi wa zamani, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme juu ya safari yangu ya Ulaya ya mwaka 2024. Kamati imenipa nusu saa, nami nitajitahidi nisiizidi, maana harufu ya pilau imekwisha kufika humu ukumbini kabla yangu.

Safari yenyewe naweza kuieleza kwa maneno machache. Niliondoka KIA tarehe 6 Mei, nikarudi tarehe 28 Julai. Nilikwenda peke yangu, na shanta moja mgongoni, bila kundi, bila mwenyeji, bila kualikwa na mtu. Nilipita Uholanzi, Ujerumani, Uswisi, Italia na Ufaransa, kwa treni na mabasi ya usiku. Sikwenda kusoma, sikwenda kutibiwa, wala sikwenda kutafuta kazi. Nilikwenda kutembea.

Neno hilo la mwisho ndilo lililoniletea taabu. Wengi wenu mnanijua. Nilipomaliza Kidato cha Nne nilianza kubeba mizigo ya wageni katika mlima wetu wa Meru, baadaye nikawa kiongozi wa wageni, na kazi hiyo nimeifanya zaidi ya miaka ishirini. Katika miaka hiyo nimewapandisha vijana wa Kizungu wasio na idadi. Mnawaona kila siku pale Mnara wa Saa, shanta mgongoni, ramani mkononi, wakizungukwa na wauza picha na wapiga debe. Sijasikia hata mara moja mtu akiwauliza wamekuja kufanya nini. Wamekuja kutembea, basi. Mzungu huyo hulipa dola 50 akapata viza yake ya Tanzania, na mambo yamekwisha.

Lakini mimi niliposema nataka kwenda kutembea kwao, niliulizwa swali hilo mara mbili. Mara ya kwanza niliulizwa nyumbani. Mama yangu, mzee wa Kimeru ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni ya Dodoma, alisema, "Mwanangu, mtu huenda mbali kwa msiba, kwa ugonjwa, au kwa mali. Wewe unakwenda kufanya nini?" Mara ya pili niliulizwa na ofisa wa ubalozi mmoja, nyuma ya kioo. Nilikuwa na taarifa ya benki, tiketi ya kwenda na kurudi, bima ya euro 30,000 kama sheria yao inavyotaka, na orodha ya mahali pa kulala. Alizitazama karatasi, akanitazama mimi, akauliza swali lile lile la mama. Nikajibu, "Kutembea." Baada ya wiki mbili nikaletewa barua ya kukataliwa: hawakuamini kwamba nitarudi. Ada ya euro 80 hairudishwi. Siku hizi ni euro 90. Niliomba tena kwa ubalozi mwingine, nikapata.

Ndugu zangu, nawaeleza haya si kwa kulalamika. Nawaeleza kwa sababu swali lile ni swali zuri, na nililibeba katika shanta yangu siku zote 84. Leo nataka kulijibu, na kulijibu mbele yenu vijana, kwa kuwa najua kati yenu wako wengi wanaolala wakiota Ulaya.

Kwanza niwaeleze jinsi mtu wa kipato chetu anavyoweza kukaa huko. Mahoteli yao hatuyawezi. Lakini yako mabweni ya wasafiri, ambamo mtu hukodi kitanda tu, na jikoni hupika mwenyewe. Ukiingia humo utadhani umerudi shuleni: dabo deka, foleni ya bafu, na mwenzako anayekoroma. Sasa sikilizeni jambo ambalo sikulijua mpaka nilipofika. Mabweni hayo yalianzishwa na mwalimu wa shule. Jina lake Richard Schirrmann, Mjerumani. Mwaka 1909 alikuwa safarini kwa miguu na wanafunzi wake, wakakutwa na mvua kubwa ya radi, wakajihifadhi usiku katika jengo la shule. Akiwa macho usiku ule akawaza: shule ziko kila mahali, na wakati wa likizo ni tupu, kwa nini zisiwalaze vijana wanaotembea kuiona nchi yao? Mwaka 1912 bweni la kwanza la kudumu lilifunguliwa katika ngome ya mji wa Altena. Nilikwenda kuliona. Vitanda vile vya mbao vya kupandana vimehifadhiwa kama makumbusho. Nilisimama pale nikaukumbuka mwezi wa Desemba hapa kwetu, mabweni yakiwa yamefungwa kwa kufuli, na panya wamo ndani peke yao. Jambo hili nitalirudia.

Chakula hakikunishinda. Mkate na jibini hununuliwa sokoni kwa bei nafuu. Na nilipofika Bergamo, kaskazini ya Italia, niliwekewa sahani ya kitu cha manjano kinachotoa moshi. Wao wanakiita polenta. Nilipoonja nilicheka peke yangu mpaka mwenye mkahawa akaja kuniuliza kuna nini. Ndugu zangu, ni ugali! Ni mahindi, yaliyotoka Marekani kama haya yetu, nao wanajivuna nayo kama sisi.

Milima yao nayo niliiendea, maana mchuuzi wa samaki hupenda kuona soko la mwenziwe. Mlima mrefu kuliko yote ya Ujerumani ni Zugspitze, mita 2,962. Sisi tunaopanda Meru, usiku wa pili tunalala Saddle Hut, kwenye mita 3,570, na kilele bado kiko juu yetu karibu mita elfu moja. Lakini msicheke upesi. Karibu na kilele cha Zugspitze treni imekuwa ikifika tangu mwaka 1930. Bibi wa miaka themanini anapanda, anakunywa chai, anashuka. Na katika njia za miguu nilimwona kila mtu, hata daktari, amebeba mzigo wake mwenyewe. Nilitembea siku tatu katika milima ya Uswisi na shanta yangu, na kila nilipotua mzigo niliwakumbuka wapagazi wetu. Wageni wale wale niliowaona huku wakitembea mikono mitupu, kumbe kwao wanaweza kubeba!

Sasa nije Berlin, maana huko ndiko nilikopata jibu langu. Uko mtaa wa Berlin wenye barabara zenye majina ya Zanzibar, Uganda na Kongo. Barabara moja ilipewa jina mwaka 1939 kwa heshima ya Carl Peters, yule ambaye babu zetu walimjua kwa mikono ya damu. Mwaka 1986 wakuu wa mji walisema kwamba jina ni lile lile ila sasa ni la Peters mwingine. Nilipopita mimi, kibao kilikuwa bado kinasema Petersallee. Haukutimia mwezi mmoja tangu nirudi nyumbani, tarehe 23 Agosti 2024, sehemu moja ya barabara ile ikapewa jina la Maji Maji.

Lakini nilikwenda Berlin kwa jambo lingine. Ninyi vijana mnafundishwa kwamba tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga Moshi Mangi Meli wa Old Moshi na wenzake, jumla watu 19. Je, mnajua kwamba kati yao alikuwamo Mangi Lobulu wa Meru, na viongozi wa Arusha? Habari iliyorithiwa katika familia ni kwamba vichwa vyao vilipelekwa Ujerumani. Kwa miaka mingi watu walidhani ni hadithi za wazee. Hata hivyo, mjini Berlin wataalamu walichunguza mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Afrika ya Mashariki, na mwezi Septemba 2023 walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha marehemu watatu na ndugu zao walio hai hapa Tanzania. Mmoja alikuwa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Mangi Meli mwenyewe hakuwamo katika orodha hiyo, wala Lobulu.

Sikuruhusiwa kuingia mahali yanapowekwa, wala sikuomba. Nilikaa kwenye benchi upande wa pili wa mto, katikati ya mji, ambako majumba yao ya makumbusho yamepangana. Watalii walikuwa wakipiga picha. Nilisema maneno machache kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, kama mtu anavyosema akifika penye msiba. Niliwataja kwa majina wale ninaowajua. Kisha nikawaambia kwamba nyumbani bado wanatajwa.

Pale nikatambua nimekwenda kufanya nini. Mama alisema mtu huenda mbali kwa msiba. Nami, kumbe, nilikuwa nimekwenda kwa msiba bila kutumwa. Na nikatambua pia kwamba mimi si wa kwanza. Watu wetu wametembea Ulaya zamani, wakatazama, wakaandika. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha Kiswahili Berlin tangu 1891 mpaka 1895. Salim bin Abakari, Mngazija, alisafiri mwaka 1896 na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, akaieleza safari yake kwa Kiswahili, nayo ikachapwa mwaka 1901. Martin Kayamba alikwenda London mwaka 1931, akaandika kitabu ili walio nyumbani waone alichokiona.

Na hapa Meru tunaye Kirilo Japhet. Mwaka 1951 watu wetu wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo akasafiri mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudi na mashamba. Alirudi na habari. Aliwaeleza watu aliyoyaona na aliyoyasema, na wananchi wakajua kwamba wanaweza kusema mbele ya dunia nzima na dunia ikasikiliza.

Basi jibu langu ni hili. Msafiri huenda kuona, na huona kwa niaba ya waliobaki. Safari haijakwisha mpaka amerudi akaeleza.

Nawaambia hivi kwa sababu ya kijana mmoja niliyekutana naye Roma, karibu na stesheni kuu. Alinisikia nikizungumza na nyumbani kwa simu, akaja akasema, "Shikamoo, mzee." Nilikuwa sijaamkiwa hivyo tangu niondoke. Ni kijana wa pwani yetu, ana miaka kama ishirini na sita, na alikuwa na miaka sita hana karatasi. Anaosha vyombo usiku. Nilimnunulia chakula, tukazungumza mpaka saa nne. Nilipomuuliza kwa nini harudi, aliangalia sahani yake, akasema, "Mzee, nitarudi na nini mkononi?"

Sikuwa na la kumjibu, na sitaki kumlaumu. Lakini tazameni jambo hili: aliondoka akiwa ameambiwa kwamba safari ni kuleta mali. Mali haikupatikana, basi amefungwa kule kwa aibu. Laiti angaliambiwa tangu shuleni kwamba anaweza kurudi na alichokiona, na kwamba tungekaa kumsikiliza! Kijana yule anaijua Roma kuliko mimi mara mia. Habari zake zingejaza gazeti letu hili.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili, nami naomba Mwenyekiti ayaandike katika kumbukumbu.

La kwanza, tuuombe uongozi wa shule uturuhusu, wakati wa likizo ndefu, kufungua bweni moja ili wanafunzi wa shule nyingine wanaotembea kuiona nchi yao wapate kulala kwa malipo kidogo. Aliyebuni jambo hili alikuwa mwalimu tu, wala hakuwa tajiri.

La pili, sisi wa zamani tuchange kila mwaka nauli ya wanafunzi wawili. Wasianzie Ulaya. Waanzie Kilwa, Bagamoyo, Ujiji na Songea. Na kabla ya hapo wapande Meru yao, maana nimeona aibu kwamba wako humu vijana wanaouona mlima huu kila asubuhi na hawajafika hata Momella. Wakirudi, wasimame mahali hapa niliposimama, watueleze, na maelezo yao yachapwe. Anayejua kuitazama nchi yake, hata siku akifika Berlin atajua la kutazama.

Mimi mwenyewe naanza na shilingi laki moja, na shanta yangu naitoa. Bado ni nzima, ila zipu moja.

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Nendeni vijana, mkaokote. Lakini mrudi mtuonyeshe.